Barua kwa Shangazi: Kikundi changu cha uponyaji, nibaki au niondoke?

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 36. Nimelelewa Mombasa, sasa nafanya kazi ya bima Nairobi. Mama alifariki mwaka jana baada ya kuugua muda mrefu, na tangu tulipomzika nikawa silali. Rafiki wa kazini akanipeleka kwenye kikundi kinachokutana kila Alhamisi jioni katika nyumba moja Kileleshwa. Tunavua viatu, tunakaa kwenye mikeka, mwalimu anatuongoza kupumua polepole, halafu anagonga bakuli za shaba mpaka mlio unakuingia kifuani. Kuna fuwele na uvumba, na mwezi ukiwa mpevu tunakaa uani hadi usiku wa manane. Siku ya kwanza nililia kilio ambacho sikukilia mazishini, na usiku huo nikalala mpaka asubuhi. Sitaki kusema uongo, wamenisaidia.

Lakini miezi ya karibuni mambo yamebadilika. Nimelipa shilingi 85,000 za "ngazi ya pili", sehemu yake nimekopa kwenye sacco. Fedha zinaingia kwenye simu ya mwalimu mwenyewe. Tuliambiwa kila mtu aandike kwenye karatasi siri anayoionea aibu kuliko zote, amkabidhi mwalimu ili uzito umtoke. Niliandika, na siri ile inamhusu mtu mwingine pia. Kaka yangu alipoanza kuniuliza maswali, nikaambiwa ana mtetemo wa chini, nikae naye mbali mpaka nikamilishe safari yangu. Juzi mwalimu kaniambia dawa za presha ninazomeza zinaziba nishati ya moyo, nizipunguze taratibu na mwili utajiponya. Sasa kuna kambi ya siku kumi Kilifi, kiingilio 140,000. Simu zitakusanywa siku ya kwanza na tutafunga siku tatu.

Kaka anasema hili ni dhehebu potofu, na kila tukionana ananitajia Shakahola, msitu ambako wafuasi wa mhubiri mmoja walifunga hadi kufa. Mimi siioni Shakahola. Naona watu wasomi, wapole, wanaonikumbatia. Ila kuna mwenzetu mmoja aliacha kuja, na tangu siku hiyo hakuna anayelitaja jina lake. Shangazi, nitajuaje?

Dada wa Kileleshwa, Nairobi

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa kuondokewa na mama.

Naanza na dawa, kwa sababu mengine yote yanaweza kungoja wiki moja lakini hili haliwezi. Usipunguze hata kidonge kimoja kwa neno la mtu ambaye si daktari wako. Nimekuwa muuguzi miaka mingi kabla ya kuanza kujibu barua hizi, na wagonjwa wa presha walioacha dawa nimewapokea wodini mdomo umekwenda upande, mkono hauinuki. Ubaya wa presha ni kwamba haiumi. Mtu akiacha vidonge anaweza kukaa wiki kadhaa akijisikia mwepesi kuliko zamani, hana kizunguzungu, haamkiamki usiku kwenda chooni, akasadiki kabisa kwamba mwalimu alisema kweli. Kisha siku moja mshipa wa kichwani unaziba au unapasuka. Na kama miongoni mwa dawa zako kuna ile ya kukojoza maji, kufunga siku tatu katika joto la Kilifi ni hatari juu ya hatari. Wiki hii nenda kapime, na mwambie daktari wako neno kwa neno ulivyoshauriwa.

Huenda mwalimu wako hana nia mbaya. Hilo halinitulizi. Kule Colorado, Marekani, kulikuwa na kundi liitwalo Love Has Won. Kiongozi wake, Amy Carlson, wafuasi walimwita Mama Mungu. Walikuwa wakiuza tiba zao kwenye intaneti, mojawapo maji yenye chembechembe za fedha, na yeye mwenyewe aliyanywa hadi ngozi ikageuka rangi ya buluu. Alifariki mwaka 2021 akiwa na miaka 45. Mwili wake ulikutwa umekauka ndani ya nyumba walimokuwa wafuasi, umezungushiwa taa za mapambo. Watu wale walimpenda kwa dhati. Tumezoea kumtafuta tapeli anayejua kuwa anadanganya, lakini mwalimu anayeyasadiki anayoyasema anaweza kukupeleka pabaya vilevile, tena ni vigumu zaidi kumshtukia.

Sasa swali lako lenyewe. Kaka yako anakupenda, ila kipimo anachotumia si sahihi, na ndiyo maana hamuelewani. Anatazama fuwele, bakuli na mwezi, anaona uchawi. Wewe unatazama watu wapole, unaona salama. Mimi ningependa nyote wawili muache kwanza kutazama wanachoamini. Kupumua polepole kunatuliza mapigo ya moyo kweli; hata leba tunawafundisha kina mama kupumua. Kulia mbele ya watu wasiokuharakisha kunamsaidia mfiwa, na sisi Waswahili tunalijua hilo, ndiyo maana tunakaa matanga. Usingizi ulioupata ni wako. Hakuna mwenye hati yake, na hutaupoteza ukiacha kwenda Kileleshwa. Nalisema kwa kusisitiza kwa sababu ndicho kitu wanachokuhofishia bila kukitamka.

Mwaka 2023 nilikuwa miongoni mwa waliojitolea kukaa na familia pale Malindi, wakati miili ilipokuwa ikifukuliwa katika msitu wa Shakahola. Ilitolewa zaidi ya miili 400, ikiwemo mingi ya watoto. Watu walikuja kutoka kila pembe ya Kenya kutoa sampuli za vinasaba, na Msalaba Mwekundu waliweka meza ya kuandikisha waliopotea. Namkumbuka baba mmoja mwenye bahasha ya kaki, ndani yake picha ya binti yake amevaa sare ya shule. Nilimuuliza ni lini alianza kuona kwamba mambo yameharibika. Nilitegemea atanitajia mahubiri. Akasema, "Aliacha kupokea simu za mama yake kabla hajaacha kitu kingine chochote."

Wengi niliokaa nao walinieleza kwa mpangilio unaofanana na huo. Kufunga hadi kufa kulikuja mwisho. Kabla yake watu walikuwa wamekwisha kuwatoa watoto shule, wamekwisha kuambiwa hospitali ni za shetani, wamekwisha kuuza walichonacho na kuhama, na ndugu waliouliza maswali wamekwisha kuitwa maadui wa imani. Mhubiri wao, Paul Mackenzie, alifunga kanisa lake Malindi mwaka 2019, na waliomfuata msituni tayari hawakuwa na mtu nje wa kumwambia "njoo uniokoe". Siku ile ya kwanza alipohubiri mjini hakuna aliyeiona Shakahola, kama wewe usivyoiona sasa. Lakini pia simwambii kaka yako kwamba Kilifi yenu itakuwa kama ile. Vikundi vingi vya namna hii haviui mtu. Vinakula akiba na ndoa za watu, na miaka yao mizuri, na hakuna gazeti linaloandika.

Kitu cha kupima, basi, ni nini kinampata mtu anayekataa, anayeuliza, au anayetaka kutoka. Nitakupa mfano ulio karibu na wenu kuliko Shakahola. Mwezi Oktoba 2009, karibu na Sedona katika jimbo la Arizona, mwalimu wa mafanikio ya kiroho aitwaye James Arthur Ray aliandaa mafungo. Washiriki walilipa karibu dola 10,000 kila mmoja. Kwanza walikaa jangwani saa 36 bila chakula wala maji. Kisha wakaingizwa, zaidi ya watu 50, ndani ya hema la chini lililofunikwa maturubai, mawe yenye moto yakawekwa katikati na kumwagiwa maji, mzunguko baada ya mzunguko. Watatu walikufa. Hakuna kufuli lililowekwa pale. Mlango ulikuwa turubai, ukifunguliwa kila mzunguko ulipokwisha, na baadhi walitoka. Waliobaki walikuwa wamefundishwa kwamba mateso ya mwili ni kizingiti cha kuvukwa na kwamba anayetoka ndiye aliyeshindwa. Walikuwa watu wazima, wamelipa fedha nyingi, hawakutaka kuonekana dhaifu mbele ya wenzao. Mwaka 2011 mahakama ilimtia Ray hatiani kwa kuua watatu hao kwa uzembe, akahukumiwa kifungo cha miaka miwili.

Ndiyo maana mstari mmoja wa barua yako umenishtua kuliko fuwele zote: yule mwenzenu aliyeacha, ambaye jina lake halitajwi. Mtu akiacha kwaya, wenzake humpigia simu, humtania, humuomba arudi. Akihama msikiti, bado tunamwalika arusi. Hapo kwenu mtu mmoja tu ameondoka na amefutwa, na ninyi nyote mmeelewa bila kuambiwa kwamba hata kumuuliza ni kosa. Mtafute mwenzenu huyo. Mnywe chai mahali penye watu, umuulize aliondoka kwa nini na nini kilifuata. Unaweza kugundua alihamishwa kikazi tu, nitafurahi. Lakini mtu aliyetoka anajua mengi ambayo aliyemo hawezi kuyajua.

Tuje kwenye ile karatasi ya siri. Hapa naomba unisikilize vizuri, mwanangu. Katika jimbo la New York kulikuwa na kampuni ya NXIVM, iliyoanza mwaka 1998 kwa semina za kujiendeleza, wateja wake wakiwa watu wenye elimu na fedha. Ndani yake palikuwa na duara la siri la wanawake, na ili uingie ulitoa dhamana: picha za utupu, au barua zenye mambo yatakayokuvunjia heshima wewe na jamaa zako. Waliambiwa ni alama ya kujitoa. Baadaye waliotaka kukataa amri walikumbuka karatasi zao ziko kwa nani. Kiongozi wao, Keith Raniere, alihukumiwa kifungo cha miaka 120 mwezi Oktoba 2020. Simaanishi mwalimu wako ni Raniere. Namaanisha kwamba padri anayesikiliza maungamo haandiki, mshauri anayeandika anafungwa na miiko ya kazi yake na unaweza kumshtaki, lakini huyu ameshika siri zenu kwa maandishi yenu wenyewe na hakuna sheria ya kazi inayombana. Mwombe karatasi yako. Mwambie tu uzito umekwisha kutoka, sasa unataka kuichoma kwa mkono wako. Kama nia ilikuwa hiyo, ataitoa siku hiyohiyo. Akianza kuzungukazunguka, umepata jibu lako bila kuniuliza mimi. Na yule mtu mwingine anayehusika katika siri hiyo, kama ni salama kuzungumza naye, aisikie kutoka kwako mapema. Siri ambayo mhusika anaijua haiwezi kutumiwa kukutisha.

Umesema ni watu wasomi, na hilo linakutuliza. Lisikutulize sana. Shoko Asahara wa Japani alianza mwaka 1984 na darasa dogo la yoga mjini Tokyo. Kati ya waliomfuata baadaye walikuwamo wanasayansi, na daktari mpasuaji wa moyo, na ndio waliotengeneza na kuachilia gesi ya sarin kwenye treni za chini ya ardhi tarehe 20 Machi 1995. Elimu haimkingi mtu aliyefiwa au anayetafuta maana ya maisha yake. Wewe hukwenda pale kwa sababu huna akili, ulikwenda kwa sababu mama amekufa na hukuwa unalala.

Kwa hiyo fanya hivi kabla ya tarehe ya Kilifi. Mwambie mwalimu, kwa adabu na bila sababu ndefu, kwamba safari hii huendi. Usitoe udhuru wa fedha, maana watakupa muda wa kulipa. Wala wa kazi, watakwambia uombe likizo. Sema tu umeamua kutokwenda. Halafu tazama. Kikundi kizuri kitasema sawa, tuonane Alhamisi. Kikianza kukupigia simu mmoja baada ya mwingine, kikikwambia woga wako ndio ugonjwa wenyewe, kikikuonya kwamba huzuni ya mama itarudi, kikigeuza kila swali unalouliza kuwa kasoro ya moyo wako, basi umeona mlango wao ulivyo. Muulize pia alijifunza kwa nani, nani humkosoa akikosea, na zile fedha zinaandikwa wapi. Usiulize kwa ukali. Muulize kama unavyomuuliza fundi kabla ya kumkabidhi gari, na uangalie uso wake.

Umeniuliza nitajuaje, nami sitakuficha ninavyoona. Dawa, karatasi ya siri, kaka kuitwa mtetemo wa chini, simu kukusanywa na mwenzenu kufutwa: moja peke yake ningesema tungoje tuone. Yote matano kwa pamoja, mimi nisingekanyaga Kilifi, na binti yangu ningemshika mkono asiende. Mpigie kaka yako leo. Mwambie umeniandikia, na kwamba akiacha kukutajia Shakahola utamsimulia yote. Kuhusu kulala, mtafute mshauri wa wafiwa. Ukishindwa pa kuanzia, Msalaba Mwekundu wa Kenya wana namba ya bure, 1199, na walio upande wa pili wamezoea kupokea watu waliofiwa.

Bi Shangazi, salaam aleikum.

Nimesoma majibu yenu ya nyuma kuhusu watu wanaofuata walimu. Mimi ni mzee wa tarika, njia ya Kisufi. Tuna shekhe wetu, tunamtii, tunakaa dhikri, kumtaja Mungu kwa pamoja, kila usiku wa Ijumaa, tunatoa tunachoweza, na vijana wetu hupumua kwa mpango maalumu katika dhikri ile. Mtu wa nje akitutazama kwa kipimo chenu, si atatuita kundi potofu nasi? Mbona mnawaandama wapya tu?

Mzee wa Lamu

Waaleikum salaam, mzee wangu, na swali lako ni la haki. Wapo wanaotumia neno potofu kumpiga yeyote asiyesali kama wao, nami sitaki kuwa mmoja wao. Upya si kosa, wala ukongwe si kinga. Mackenzie alikuwa ameshika Biblia, kitabu ambacho hakuna anayekiita kipya. Viongozi wa kundi la Kanungu, Uganda, walitoka ndani ya Ukatoliki, wakahubiri Amri Kumi.

Lakini tazama shekhe wako yuko katikati ya nini. Juu yake kuna Qurani na hadithi, ambazo wewe pia unazisoma. Kando yake kuna maulamaa wengine wanaoweza kumwambia amekosea, na akisema acha swala au achana na wazazi wako, nusu ya Lamu itamjibu kabla ya adhuhuri. Alipata ijaza, yaani idhini ya kufundisha, kwa mtu anayejulikana, naye kwa mtu anayejulikana. Umeoa, una duka, unakula na jirani asiye wa tarika, na mwanao akisema hataki dhikri utahuzunika lakini hutamzika akiwa hai. Mwalimu wa dada yetu wa Kileleshwa hana yeyote kati ya hao. Alichofunuliwa kakifunua mwenyewe, na anayempinga hana kitabu cha kumwonyesha.

Nitaongeza jambo kuhusu Kanungu, kwa sababu linaonyesha ubaya ulikoanzia. Watu wale walikuwa wameuza mashamba na mifugo, wakakabidhi fedha kwa viongozi, wakaahidiwa kwamba dunia itaisha mwaka 1999 ukimalizika. Mwaka 2000 ukaingia, jua likachomoza. Baadhi wakaanza kudai mali zao. Tarehe 17 Machi mamia ya waumini waliteketea ndani ya jengo la sala ambalo milango na madirisha yake yalikuwa yamezibwa, na siku zilizofuata miili mingine ikafukuliwa kwenye nyumba za viongozi. Mtabiri kukosea ni jambo la kale kama utabiri wenyewe. Maafa yalikuja pale aliyetapeliwa aliposema "nirudishieni changu" na asiwepo mzee, hakimu wala padri wa kumsikiliza.

Kwa hiyo mzee wangu, kipimo changu kiweke hata kwenye zawiya yako, hapo mnapokaa dhikri, wala usione nimekuvunjia heshima. Kijana akija kwako akisema shekhe amemwomba jambo linalomtia haya, au amemkataza hospitali, msikilize yeye kwanza kabla ya kumtetea shekhe.

Shangazi,

Mwanangu wa kiume, miaka 22, alikuwa chuoni. Alianza kwa kusikiliza mwalimu fulani kwenye simu, wa mambo ya nishati na kuvuta utajiri kwa fikra. Sasa ameacha masomo, anaishi na wenzake katika nyumba ambayo hatuijui, amebadilisha jina, na akipiga simu anaongea kama anasoma. Mama yake analia. Mimi nilimwambia asirudi nyumbani mpaka aache upuuzi huo. Nifanye nini?

Baba, Mwanza

Mzee, umeandika kwa kifupi lakini naona uchungu. Lile neno la "usirudi" liondoe leo, kwa sababu nyumba aliyomo inalihitaji sana. Kila wanapomwambia familia yake haimtaki, anakumbuka sauti yako, na hawahitaji kumdanganya. Mtumie ujumbe mfupi. Mwambie ulikasirika kwa sababu uliogopa, kwamba chumba chake kipo, na kwamba akija hataulizwa. Usiongeze hoja hata moja juu ya mwalimu.

Akipiga simu, msiseme juu ya nishati. Mwelezeni ng'ombe amezaa, bibi anamuulizia, Simba na Yanga wamefanyaje. Mtu anayeongea kama anasoma bado yupo nyuma ya maneno hayo, na mambo ya nyumbani ndiyo humtoa. Tumieni jina lake la utoto mlilozoea, bila kumlazimisha alijibu. Mama yake akilia kwenye simu, si dhambi, lakini asimalize kila simu kwa kilio, kijana ataogopa kupiga.

Robert Jay Lifton, daktari wa akili wa Marekani aliyewahoji watu waliotoka kwenye magereza ya China miaka ya 1950, aliona kwamba jambo la msingi kabisa katika kumgeuza mtu ni kudhibiti anayosikia na watu anaoongea nao. Simu yako ya dakika tano kuhusu ng'ombe ni sauti ambayo hawajaidhibiti. Msiichezee.

Kwa upande wako, nunua daftari. Andika kila tarehe aliyopiga, namba iliyotumika, sauti alizosikia mama yake nyuma, majina yoyote, fedha alizoomba na zilikwenda namba gani. Zungumza na wanachuo wenzake, mmoja wao anajua nyumba iko wapi. Ana miaka 22, polisi hawatamtoa kwa sababu tu ya imani yake, lakini ukipata dalili kwamba amezuiwa kutoka, anapigwa, ananyimwa matibabu, au fedha zinachukuliwa kwa vitisho, hilo ni jambo la kituo cha polisi, na daftari lako ndilo litakalowafanya wakusikilize. Ukisikia sauti za watoto ndani ya nyumba ile usingoje chochote, piga 116, namba ya bure ya kuwalinda watoto, inafanya kazi Tanzania na Kenya.

Msimtumie fedha taslimu za "ada" wala "ngazi", hata akiomba kwa machozi. Nauli ni jambo jingine. Vijana wengi hutoka usiku, kwa ghafla, baada ya ugomvi mdogo ambao hata wao hawauelezi vizuri, wakiwa hawana shilingi. Kwa hiyo kubaliana na mama yake sasa hivi nani atapokea simu ya usiku wa manane, na nani, kaka au mjomba aliye karibu na mji huo, anaweza kumfuata kwa bodaboda ndani ya saa moja. Mpeni mtu huyo nauli ya akiba kabla haijahitajika. Akifika nyumbani mpeni chakula, mwacheni alale, na msimuulize kitu kwa siku kadhaa. Ukimpata, niandikie tena, barua yako nitaijibu kabla ya nyingine.